Pitisha kidole juu ya kokoto kabla hujaisifu barabara

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima barabara, nilichelewa sana kuelewa kwamba ukali wa uso wa lami uko wa namna mbili.

Wa kwanza ni mkwaruzo mdogo, chini ya nusu milimita, ulio juu ya kila kokoto kama msasa. Huo hupenya utando wa maji mpaka mpira ukashika jiwe. Wa pili ni mabonde kati ya kokoto na kokoto, yanayopokea maji tairi linapoyasukuma. Mabonde yakiwa na kina kidogo na mwendo ukawa mkubwa, maji hukosa pa kwenda, tairi hupanda juu yake, na breki haina kazi tena.

Nilipokuwa mgeni niliisifu barabara moja kwa kuwa kokoto zake zilijitokeza vizuri. Tulimwaga mchanga mililita 25, tukautandaza kwa duara mpaka ukajaa mabondeni. Kipenyo kikawa karibu milimita 178, yaani kina cha wastani cha milimita 1. Nikafurahi. Msimamizi wangu akaniambia nipitishe kidole juu ya kokoto pale magurudumu yanapopita. Ziliteleza kama kigae. Pembeni, ambako magari hayapiti, kokoto zilezile zilikwaruza. Lilikuwa jiwe la chokaa, nalo husuguliwa upesi. Tangu siku hiyo sikubali kipimo cha mchanga peke yake; nataka na cha pendulamu, yaani mkono unaobembea wenye kipande cha mpira kinachosugua uso kupima mshiko wake, juu ya uso uliolowa.

Kuhusu kelele, msidhani uso laini ndio mtulivu. Gari dogo likifika kama kilomita 50 kwa saa, sauti ya tairi hufunika ya injini. Kokoto kubwa hulipiga tairi na kulitikisa, kweli, lakini uso usio na mabonde nao huibana hewa chini ya tairi, ikafyatuka kwa sauti kali. Mimi napenda kokoto ndogo zenye vichwa vilivyolala sawa, mabonde yakibaki chini yake. Lami yenye vinyweleo, nafasi tupu kama asilimia 20, humeza maji na sauti pamoja, ila vumbi huiziba.

Na lami mpya msiiamini haraka: utando wa bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshikanisha kokoto, bado umezifunika. Rudini kupima magari yakishaukwangua.