"Mkoa wa Pemba", "Zanzibar na Pemba": kipi sahihi?

SWALI: Naandika makala kuhusu jiografia ya Zanzibar. Mhariri amekata "Mkoa wa Pemba", "Zanzibar na Pemba" na "kisiwani cha Pemba". Kwa nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri ana haki kwa yote matatu, ingawa hayana uzito sawa.

Hakuna Mkoa wa Pemba. Kisiwa hicho kina mikoa miwili: Kaskazini Pemba, wenye wilaya za Wete na Micheweni, na Kusini Pemba, wenye wilaya za Chake Chake na Mkoani. Hiyo Mkoani iangalie vizuri. Ni jina la mji wa bandari, meli za kutoka Unguja hufunga gati hapo, kwa hiyo haiachi herufi kubwa: "Meli imefika Mkoani" ni habari tofauti kabisa na "Waziri amefika mkoani".

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Zanzibar ni jina la visiwa vyote, Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Ukiandika "Zanzibar na Pemba" unamtoa Mpemba katika Zanzibar, naye ni Mzanzibari sawasawa na Muunguja. Ramani na nyaraka za Kiingereza zilizoea kukiita kisiwa cha Unguja "Zanzibar", na mazoea hayo tumeyachukua bila kuyapima. Kiswahili kina jina la kisiwa hicho tangu zamani, basi tulitumie. Mpemba akipanda meli, anakwambia anakwenda Unguja.

Tena Pemba ina historia yake. Wamazrui wa Mombasa walikishika kisiwa hicho hadi Mabusaidi, ukoo wa watawala wa Omani, walipokitwaa katika miaka ya 1820. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Hata bahari haifanani: kati ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi, lakini Mkondo wa Pemba, ulio kati ya Pemba na bara, una kina kirefu sana. Kisiwa chenyewe kina vilima na mabonde yenye rutuba, na Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani.

Kwa kuwa karafuu hutaikwepa katika makala yako, andika kama wenyewe wanavyosema. Mti ni mkarafuu, zao ni karafuu. Huchumwa vishada kwa vishada, kisha watu hukaa kuchambua, karafuu upande huu, vikonyo upande ule. Karafuu huanikwa juani juu ya majamvi. Vile vikonyo vilivyobaki ndivyo makonyo, navyo havitupwi, maana hutolewa mafuta. "Vijiti vya karafuu", nilivyowahi kuviona gazetini, havina mwenyewe Pemba.

Sasa "kisiwani cha Pemba". Neno kisiwa likishapata -ni limetoka katika ngeli ya KI-VI na kuingia ngeli ya mahali, hivyo "cha" haiwezi kulifuata. Twasema "kisiwani mwetu", si "kisiwani chetu". Likifuatwa na jina la mahali, la kawaida ni kuliweka jina moja kwa moja: kisiwani Pemba, kisiwani Kojani. Ukitaka "cha", iondoe -ni: katika kisiwa cha Pemba. "Katika kisiwani" nayo iache, kwa sababu mahali pametajwa mara mbili.

Jina Pemba lenyewe halihitaji -ni: "Naishi Pemba" yatosha. Na utakutana na "Pemba kuna mikarafuu mingi" na vilevile "Pemba ina mikarafuu mingi". Zote sahihi; ya kwanza yaitazama Pemba kama mahali, ya pili yaitaja kama kitu chenye mali yake. Ila ukianza na "Kisiwa cha Pemba", kitenzi kifuate kisiwa: kina mikarafuu mingi.