Gaydon kwa siku moja: anzia jengo la pili

Siku moja inatosha kuona British Motor Museum, makumbusho ya magari huko Gaydon, Uingereza, ila usianze ukumbi mkuu kama wengi. Uliuliza magari ya majaribio yanapatikana wapi: mengi yako Collections Centre, jengo la pembeni lililofunguliwa 2016. Nenda huko asubuhi, kabla miguu haijachoka.

Tafuta Austin 9X, kigari alichobuni Alec Issigonis, yule aliyebuni gari dogo la Mini, mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kirithi Mini hiyo. Ni kifupi kuliko Mini, lakini ndani kina nafasi zaidi na kina mlango wa nyuma. Hakikuingia kiwandani, na ukikitazama utasikitika.

Kisha HUE 166 (ndiyo namba yake ya usajili), Land Rover ya 1948. Inama uone bodi: ni alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Usiikose Rover-BRM, gari la mbio lenye injini ya tabo ya gesi (aina ya injini inayotumika kwenye ndege), iliyokimbia mashindano ya Le Mans, Ufaransa, 1963 na 1965.

Magari huhamishwa au kupelekwa maonyesho, kwa hiyo kama unafuata gari moja mahususi, waandikie kwanza. Kwa gari binafsi, toka barabara kuu ya M40 kwenye makutano ya 12. Ukija kwa treni, shuka Leamington Spa ukodi teksi. Kwa miguu ni mbali.