Jioni ya Arafa, msitoke hemani mapema

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza mahujaji mwaka huu, manasiki, yaani ibada za Hija, mnayajua kuliko nilivyoyajua mimi nilipoanza. Langu ni habari ya kuwatoa wazee Arafa, jioni ambayo kila mtu anaondoka kwa wakati mmoja kwenda mahali pamoja, Muzdalifa.

Treni ya Mashair, ile ya kusafirisha mahujaji kati ya Arafa, Muzdalifa na Mina, ilianza kazi kwenye Hija ya mwaka 2010. Vituo vyake ni tisa: vitatu Arafa, vitatu Muzdalifa, vitatu Mina. Treni moja ina mabehewa 12 na hubeba watu wapatao 3,000. Kwa saa imejengwa kubeba 72,000. Sasa pigeni hesabu. Mwaka 2012 mahujaji walizidi milioni tatu. Hata wangekuwa milioni mbili, kuwahamisha wote kwa treni hiyo kungechukua zaidi ya saa 27, na usiku ni mmoja tu. Ndiyo maana wengi huenda kwa basi, na kambi zenye tiketi za treni hupangiwa kituo na saa.

Saa hiyo iheshimuni. Msimu wangu wa kwanza, baada ya Alasiri, niliona makundi mengine yakielekea kituoni nikaingiwa na hofu ya kuachwa, nikawatoa watu wangu. Safari za kuondoka Arafa huanza jua likishazama. Tukasimama kwenye uzio wa kusubiria, joto kali, nyuma tunasukumwa, mbele geti limefungwa. Bibi mmoja akaanguka. Alizinduka, Alhamdulillahi, lakini jioni ile aliyoiwekea akiba miaka mingi, ya kuinua mikono na kuomba, ilimwishia kwenye uzio kwa sababu yangu. Mpaka leo linaniuma.

Wazee hukimbilia geti wakidhani Magharibi inawapita. Sheikh wa msafara awaeleze tangu asubuhi kwamba Magharibi na Isha zitaswaliwa pamoja Muzdalifa, na asiseme mara moja tu, arudie.

Bangili za tiketi zikagueni hemani. Mtu huivua anapotia udhu akaisahau bombani, nanyi mkaja kugundua getini, watu elfu wako nyuma yenu.

Tena msimwambie mtu "tunashuka Mina". Mwambieni namba ya kituo. Mina 3 ipo Jamarat, penye kurushia mawe, Mina 1 ipo upande wa Muzdalifa, na mzee aliyeshuka pasipo pake atatembea sana akiwa amekesha. Namba iandikwe kwenye kadi ya shingoni.

Kila mzee mpeni mwenzake kijana. Mlango ukiwatenganisha, aliye ndani ashuke kituo walichokubaliana, asimame hapo hapo. Aliyebaki apande ijayo. Treni 24 kwa saa maana yake nyingine iko dakika mbili na nusu nyuma. Simu msizitegemee, mtandao huelemewa. Msaidizi wako apande wa kwanza, wewe uwe wa mwisho.