Chombo cha angani na gome la mti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafuga nyuki huku Sikonge. Usiku nikiwa kambini naona vimondo vinawaka na kuzimika. Vyombo vinavyorudi kutoka angani vinapita humo humo, mbona haviteketei? Ni chuma gani hicho?
Mfuga nyuki, Sikonge

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chuma hakifai kabisa hapo. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na ngao ya kukinga joto ya Apollo, chombo cha Wamarekani, iliporudi kutoka mwezini ilifikia kama 2,700. Ilikuja kwa kilomita 11 kwa sekunde: ukitoka Tabora kwa mwendo huo, Dar es Salaam unafika kabla ya dakika moja na nusu.

Wengi husema joto hilo ni la msuguano. Sehemu kubwa ni hewa iliyobanwa ghafla. Jaza tairi la baiskeli kisha shika pampu kule chini, utalisikia. Mwaka 1951 Mmarekani H. Julian Allen aligundua kwamba chombo chenye uso butu kinasukuma hewa ile ya moto mbele yake, joto jingi likapita pembeni. Wenzake walikuwa wakichonga ncha kali kama mkuki.

Joto linalobaki hupewa kitu cha kula. Moto wa kiangazi ukipita porini, gome la mti linageuka mkaa, ndani mti unabaki mzima. Ngao nayo hivyo hivyo: juu inakuwa mkaa, gesi inatoka ndani ikiisukuma hewa ya moto, na mkaa unaomomonyoka unaondoka na joto lake. Wala sikutolei mfano tu. Chombo cha Beagle 2 cha Uingereza, kilichokwenda sayari ya Mars mwaka 2003, kilivikwa unga wa gome lile la kutengenezea vizibo vya chupa, umeshikwa kwa gundi ya fenoli.

Namba ninayowaandikia wanafunzi ubaoni kila mwaka, na bado inanishtua, ni ya chombo cha Galileo kilichozama katika hewa ya sayari ya Jupita Desemba 1995 kwa kilomita 47 kwa sekunde. Ngao ilikuwa na kilo 152. Kilo 80 hivi ziliteketea njiani, na chombo kikaendelea kutuma vipimo karibu saa nzima.

Moto ukishapita huko kwenu, kata kipande cha gome nene. Utaona mkaa juu, kahawia katikati, bichi chini. Ngao iliyorudi ikipasuliwa, tabaka zake ni hizo hizo tatu.