Maswali ya Wavuvi: Blakbasi Anayeponyoka, Injini Inayochoka na Amani ya Ufuoni

SWALI: Navua blakbasi kandokando ya mafunjo, upande wa Kongoni, kwa mnyoo wa mpira. Ncha ya ndoana ikiwa wazi, kila mrusho unaniletea majani. Nikiificha ndani ya mpira, samaki anadonoa, ninavuta, anaponyoka. Nimebadilisha ndoana mara tatu. Kosa liko wapi?
Msomaji, Kongoni

JIBU: Kuficha ncha ni sawa kabisa, ndugu, na usiache. Ziwa Naivasha limejaa mafunjo, magugu maji na migunga iliyozama maji yalipopanda, na blakbasi anakaa humo humo akivizia krefishi (aina ya kamba wa maji baridi) na samaki wadogo. Ndoana wazi haifiki alipo. Kinachokuangusha ni jinsi unavyoificha na jinsi unavyovuta.

Anza na ndoana yenyewe. Inatakiwa iliyopindwa shingoni, si iliyonyooka. Kwa mnyoo wa sentimita 15 tumia namba 3/0. Kwa wa sentimita 10, namba 2/0 inatosha. Tazama nafasi iliyo kati ya mti wa ndoana na ncha yake: lazima izidi unene wa mnyoo karibu mara mbili. Mnyoo mnene kwenye ndoana nyembamba huziba nafasi hiyo, samaki anabana mpira na ncha haipati pa kutokea. Wengi wanaolalamika kama wewe wana ugonjwa huu tu.

Sasa ufungaji. Pitisha mshipi kwenye chubwi la umbo la risasi la gramu 5 hadi 7, ncha yake iliyochongoka ikielekea fimbo, ndipo ufunge ndoana. Ingiza ncha ya ndoana katikati ya kichwa cha mnyoo, ishuke kiasi cha milimita 5, itokeze ubavuni. Vuta ndoana mpaka kile kipindo cha shingo kikae ndani ya kichwa. Geuza ndoana itazame mwili, ning'iniza mnyoo ulale kandoni mwake, uone ncha inagusa wapi. Hapo hapo ndipo utakapoitoboza, si juu wala chini. Itoboze mpaka upande wa pili, kisha rudisha mpira mbele kidogo ili ncha ijifiche chini ya ngozi. Mnyoo ukikaa umejikunja, toa uanze upya. Uliojikunja huzunguka majini kama propela, unasokota mshipi, na blakbasi hauamini.

Ukitaka kupenya mafunjo mazito, panda hadi gramu 10 au 14 na kwamisha chubwi kwa kijiti cha meno ili lisiachane na mnyoo. Katika maji wazi usilikwamishe. Acha liteleze, samaki asihisi uzito anapomeza.

Kuvuta nako kuna zamu yake. Ukihisi madonoo mawili, au ukiona mshipi unasogea kando, shusha fimbo, kunja ulegevu wote, halafu inua kwa nguvu mara moja. Ukivuta mshipi ukiwa umelegea, nguvu yote inaishia kwenye ulegevu na ncha haitoboi mpira, sembuse taya. Ijaribu ncha kwenye ukucha kila baada ya samaki mmoja au kigogo kimoja: ikiteleza, inoe au itupe.

Fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, ngumu kiasi, inafaa. Kuhusu mshipi, angalia unavua wapi. Kwenye mafunjo, mshipi wa kusuka wa ratili 30 hukata mabua. Kwenye migunga iliyozama, mshipi huo huo hujichimbia ndani ya mti ukakwama, kwa hiyo huko tumia nailoni ya ratili 14 hadi 17. Waya wa chuma hauhitajiki, maana meno ya blakbasi ni kama msasa tu, hayakati.

Na fundo: kunja mshipi mara mbili kwa sentimita 15, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fundo kavu hujiunguza kwa msuguano, na nailoni iliyoungua hukatikia hapo hapo siku ya samaki mkubwa.

SWALI: Nilinunua injini ya hosipawa 15 iliyokuwa ikitumika Kisumu, ya kuchanganya oili na petroli. Huko ilikuwa ikibeba watu wanne vizuri. Hapa Naivasha watu wanne wanaifanya igugumie, pua ya boti inapanda juu na haishuki, na plagi zinatoka nyeusi. Fundi anasema pistoni imekwisha. Nimwamini?
Msomaji, Karagita

JIBU: Usifungue injini bado. Pistoni inaweza kuwa imechoka, lakini dalili zako zinaelekeza kwanza kwenye mwinuko wa mahali.

Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,890. Hosipawa 15 zilizopimwa pwani huwa kama 13 Kisumu na kama 12 Naivasha. Halafu kabureta iliyopangiwa hewa nzito inaendelea kumimina petroli ile ile kwenye hewa pungufu. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinapaka masizi, moshi unaongezeka, na mafuta yanaisha mapema.

Fuata mpangilio huu kabla ya kulipa fundi. Kwanza hakikisha kipimo cha oili: kwa injini nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja, mililita 200 kwa mtungi wa lita 10. Wapo wanaoongeza "kidogo ili iwe salama", na plagi nyeusi zinazaliwa hapo. Oili iwe ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, si ya pikipiki. Weka plagi mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu, kimbiza boti kwa kasi kamili dakika tano, zima ghafla, zitoe. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni njema. Zikiwa bado nyeusi na zimelowa, badilisha jeti kuu ya kabureta, yaani kile kijitundu kinachopima petroli, ushuke saizi moja kwa wakati. Hapa nasisitiza: usiruke saizi mbili. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi huchoma pistoni, na huo ndio uharibifu ambao fundi wako anaukisia. Ukiirudisha injini Kisumu, rudisha na jeti ya zamani.

Kisha propela. Juu yake kuna namba mbili, mfano 9¼ x 10. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Hiyo ya pili ndiyo gia yako. Injini iliyopungukiwa nguvu na propela ya gia ndefu ni kama baiskeli ya mizigo inayopanda mlima kwa gia ya tambarare. Kila inchi moja unayopunguza huongeza takriban mizunguko 200 kwa dakika. Azima takometa, kifaa cha kupimia mizunguko, pakia watu wale wale wanne, fungua kasi kamili. Kitabu cha injini kinasema mizunguko inayotakiwa. Nyingi za ukubwa huu ni kati ya 4,500 na 5,500. Ikigota 4,000, shuka inchi 1, upime tena, pengine 2.

Yote hayo yakishindikana, ndipo mgandamizo wa silinda upimwe. Silinda mbili zikitofautiana sana, basi fundi alikuwa sahihi.

SWALI: Tuko Dunga. Injini yetu inachemka na kuzima tukipita kwenye magugu maji. Ikipoa inawaka. Ni nini?
Wavuvi wawili, Kisumu

JIBU: Inakosa maji ya kupozea. Tazama ule mchirizi unaotemwa nyuma ya injini. Ukiona umekuwa dhaifu au umekatika, zima mara moja, msisubiri king'ora. Inueni injini, ondoeni mizizi kwenye matundu ya kunyonyea maji yaliyo juu kidogo ya propela, na mchokoe tundu la mchirizi kwa kipande cha nailoni nene, kwa sababu mchanga hupenda kuziba hapo na kuwapa hofu ya bure.

Mchirizi ukibaki dhaifu hata kwenye maji safi, badilisheni impela, ile raba yenye mbawa ndani ya pampu ya maji. Matope ya ufuoni huila haraka. Ubawa uliokatika ukikosekana, utafuteni kwenye mabomba ya juu. Ukiachwa humo, impela mpya haitawasaidia kitu.

Mkifika nchi kavu, ondoeni propela pia. Uzi wa nyavu ukijizungusha kwenye shafti hukata sili, ile raba inayozuia maji, na maji yanaingia kwenye gia. Fungueni skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imeshakatika, na gia hazitadumu.

SWALI: Je, Ziwa Nakuru lina blakbasi?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Halina. Maji yake ni ya magadi, na ni ndani ya mbuga ya taifa. Blakbasi alitoka Amerika Kaskazini, akaletwa Naivasha mwaka 1929. Krefishi anayemla sana alifuata mwaka 1970. Tafadhali usihamishe yeyote kati yao, hata kwa ndoo moja, kwenda bwawa jingine. Wakishaingia hawatoki.

SWALI: Sisi wa fimbo tunagombana na wenye nyavu kila Jumamosi. Wanasema tunakata nyavu zao, sisi tunasema wanaziba sehemu nzuri. Pia wanatucheka tunapomrudisha samaki majini. Tufanye nini?
Kikundi cha wavuvi wa burudani, Naivasha

JIBU: Wenye nyavu wanalisha nyumba kwa samaki hao. Anzieni hapo, mengine yatakuwa mepesi. Fikeni kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, mapema, muonyeshe leseni zenu, muulize nyavu zimetegwa upande gani siku hiyo. Mkiona vyelezo, kaeni mita 50 kutoka hapo. Ndoana ikinasa wavu, kata mshipi wako, usikate wavu hata jicho moja, kisha umtafute mwenyewe umwambie iko sehemu gani. Ndoana iliyofichika humtoboa mkono usiku anapovuta. Vipande vya nailoni viwekeni kwenye chupa mrudi navyo. Mnandi akijisokota navyo anazama.

Kuhusu kumrudisha samaki, kunafaa tu kama ataishi. Lowesha mikono, mshike kwa taya la chini, na akizidi kilo moja na nusu mshikilie tumbo kwa mkono wa pili. Kumning'iniza mlalo kwa taya pekee humvunja. Mtoe majini kwa muda usiozidi pumzi yako moja. Ndoana ikiwa kooni, kata mshipi karibu nayo. Akivuja damu matamvuani, msimrudishe. Mpeni jirani mwenye wavu. Na blakbasi anayezunguka pahali pamoja kwenye maji ya kina kifupi ni dume anayelinda mayai. Mkimtoa, samaki wengine huyala mara moja. Mwacheni.

Boti yenu pia isiwe kero. Nanga ishuke puani, kamwe isifungwe nyuma, na kamba iwe mara tatu ya kina asubuhi maji yakitulia, mara tano hadi saba upepo wa mchana ukianza. Anayefunga nyuma hugeuzia mawimbi upande wa injini, ulio mfupi kuliko yote, na boti hujaa. Msitie nanga kati ya kiboko na maji ya kina, maana hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia. Mkiona mapovu yanakuja kwa mstari, achieni kamba na chelezo chake, ondokeni, nanga mtairudia baadaye.