Usukani wa simuleta: anza na kiti, maliza na programu

Anayenunua usukani wake wa kwanza wa simuleta, yaani wa michezo ya kompyuta ya kuendesha gari, kwa kawaida hufungua boksi, huubana mezani, huchomeka waya na kuingia barabarani. Muda si mrefu mabega yanauma, pedali zimetambaa hadi ukutani, na kona ile ile inamtoa nje ya njia kila mzunguko. Kifaa mara nyingi hakina ubaya. Ubaya uko kwenye mfuatano wa kazi. Mfuatano unaofaa ni kiti, pedali, usukani, skrini, kisha programu. Kila hatua hupimwa kutokana na iliyotangulia, kwa hiyo ukianza na usukani utalazimika kuufungua tena.

Kiti cha ofisi chenye magurudumu kinaweza kutumika, lakini kwanza kiondolewe tabia zake mbili: kurudi nyuma na kulala. Unapokanyaga breki kwa nguvu, mguu unasukuma pedali mbele na mgongo unasukuma kiti nyuma kwa nguvu hiyo hiyo. Ng'oa magurudumu, au tumia dawa iliyo rahisi kuliko zote: mkanda imara usionyumbuka, wa aina ya kufungia mizigo, ufungwe kutoka kwenye nguzo ya kiti hadi kwenye ubao wa pedali. Pedali na kiti vinataka kuachana, mkanda unavizuia, na nguvu yote inaishia humo humo bila kusumbua sakafu wala ukuta. Kama kiti kina kitasa cha kuzuia mgongo usilale, kifunge.

Sasa pedali. Zifunge kwenye ubao wa plaiwudi wa milimita 18, wenye ukubwa wa takriban sentimita 60 kwa 40, ili visigino vikae juu ya ubao huo huo. Uzito wa visigino vyako wenyewe utasaidia kuutuliza. Kaa, kanyaga breki hadi mwisho, uangalie goti: lazima libaki limekunjwa kidogo. Likinyooka kabisa uko mbali mno, nawe utakuwa unasukuma kwa kiuno badala ya paja. Pedali ya breki iwe mbele ya mguu utakaoutumia kuikanyaga, si katikati ya miguu miwili.

Breki ndiyo inayostahili subira yako kuliko kitu kingine chochote hapa. Pedali za bei nafuu hupima umbali ambao pedali imesafiri, kwa kutumia potenshiomita, kifaa kidogo cha umeme kinachobadilisha ukinzani pedali inaposogea. Zile zenye kihisi cha mgandamizo hupima nguvu ya mguu. Mguu wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali, na ndiyo maana dereva mwenye breki ya mgandamizo huweza kurudia sehemu ile ile ya kufunga breki mzunguko baada ya mzunguko. Ukiwa na fedha ya kuboresha kitu kimoja, boresha breki kabla ya usukani. Lakini kumbuka kwamba breki ya namna hiyo hudai kiti na ubao ambavyo havitikisiki hata kidogo; ikifungwa kwenye ubao unaoteleza, faida yake yote inapotea.

Usukani unaweza kubanwa kwa vibano vyake au kufungwa kwa bolti. Vibano vinafaa meza ngumu yenye ukingo ulionyooka. Meza ya kioo isitumike kabisa. Meza nyepesi yenye uwazi ndani hutoboka au kubonyea chini ya kibano, kwa hiyo weka kipande cha plaiwudi cha milimita 6 hadi 10 juu na kingine chini ili mbano usambae. Kaza kwa mkono tu. Vibano vingi ni vya plastiki, na anayekaza kwa koleo huishia kupasua uzi wake. Ukisikia usukani unacheza ilhali kibano kimekaza, chunguza meza yenyewe: huenda ubao wake unanyumbuka, na hakuna kibano kitakachoponya hilo.

Bolti ni bora. Logitech G29, kwa mfano, ina matundu mawili ya M6 chini yake, yaani ya bolti zenye kipenyo cha milimita 6. Hatari kubwa iko kwenye urefu wa bolti, kwani iliyo ndefu mno hugonga vitu vya ndani na kuviharibu. Chomeka kijiti chembamba kwenye tundu, weka alama kilipoishia, utoe milimita 2. Jumlisha unene wa ubao na wa washa, yaani kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha bolti. Huo ndio urefu wa juu kabisa wa bolti. Anza kuzungusha kwa vidole. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, usiilazimishe kwa spana.

Usukani mdogo wa meno ya gia hutoa takriban Nm 2 (Nm, yaani nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na karibu fanicha yoyote thabiti huubeba. Usukani uliofungwa moja kwa moja kwenye mota ni habari nyingine. Nm 8 kwenye duara la sentimita 30 ni sawa na kuvutwa ukingoni kwa nguvu ya kilo 5 hivi, tena kwa kushtukiza. Huo unataka stendi nzito au fremu ya alumini. Vidole gumba vikae juu ya duara, visizungushwe kuelekea ndani kwenye mikono ya usukani, kwa sababu ukigonga ukuta ndani ya mchezo usukani hugeuka ghafla na kuviumiza.

Umbali wa usukani hupimwa hivi: mabega yakiwa yameegemea kiti, nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kitue kwenye ukingo wa juu. Kikifika kiganja tu, usogeze karibu. Kwa kushoto na kulia, katikati ya usukani palingane na pua yako.

Skrini isogezwe karibu kadiri usukani utakavyoruhusu, kisha upana wa mwono ndani ya mchezo, yaani pembe ya mandhari inayoonyeshwa kwenye skrini, uwekwe kwa hesabu. Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Macho yakiwa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, mwono sahihi wa mlalo ni takriban nyuzi 53; yakiwa sentimita 80, ni nyuzi 41. Utaona kama unachungulia dirishani, na wengi huongeza namba papo hapo. Vumilia. Mwono mpana mno huzisogeza kona mbali kuliko zilivyo na kuharibu makadirio yako ya breki. Angalia pia kama mchezo unataka kipimo cha mlalo au cha wima, kwani kwa skrini hiyo hiyo kwenye sentimita 60 kipimo cha wima ni nyuzi 31 tu.

Hapo ndipo uwashe umeme. Chomeka adapta ya usukani kwanza. Bila hiyo, usukani wa mota unaweza kutambuliwa na kompyuta lakini ukakosa nguvu yoyote. Waya wa USB uende moja kwa moja kwenye kompyuta. Usukani utajizungusha wenyewe kutafuta katikati, nawe usiushike mpaka utulie. Baada ya hapo sasisha programu yake, weka mzunguko kwenye kiwango chake cha juu, kwa kawaida nyuzi 900 au 1080, uache mchezo wenyewe upunguze kulingana na gari. Katika programu hiyo, zima chemchemi ya kurudisha katikati, maana hufunika taarifa za matairi. Hakikisha pedali za mafuta na breki hazijaunganishwa kwenye mhimili mmoja, yaani kipimo kimoja ambacho mchezo husoma. Zikiunganishwa, kukanyaga moja hufuta nyingine.

Nguvu ambayo mchezo unaupa usukani ipunguzwe mpaka usukani uwe mzito zaidi kadiri kona inavyokaza. Ukiuona una uzito ule ule kwenye kona ya wastani na kwenye kona ya kasi, nguvu imefika kikomo chake na taarifa zilizo juu ya hapo zimekatwa. Usukani ukitetemeka wenyewe kwenye njia iliyonyooka, ongeza kidogo kidogo kizuizi, yaani mpangilio unaoufanya usukani uwe mzito kuzungushwa haraka. Breki inayorukaruka kwenye kipimo bila kuguswa huwa na potenshiomita chafu; dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ikipulizwa umeme ukiwa umezimwa, hutosha mara nyingi.

Plaiwudi hubonyea chini ya washa katika siku za mwanzo, kwa hiyo baada ya wiki pitia bolti zote na spana, ukianza na za pedali.