Sebule inayonata na kuteleza

SWALI: Asalaam aleikum. Makochi yetu ni ya ngozi bandia na sakafu ni vigae vinavyong'aa. Wakati wa kaskazi mgongo wanata kitini, na ngozi imeanza kubambuka. Mavyaa naye anaogopa kuteleza. Makochi mapya hatuyawezi. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Anza na mavyaa. Vigae hivyo huteleza zaidi vikibaki na utando wa sabuni, basi punguza sabuni na usuuze kwa maji matupu. Mkeka wa mkindu hupoza wayo na kuupa mkwaruzo mzuri, lakini utandike pale mnapokaa tu, juu ya wavu wa mpira uliokatwa mdogo kuliko mkeka kwa sentimita 3 kila upande. Njia yake ya kwenda chooni iache wazi: ncha ya mkeka iliyoinuka humwangusha mtu mzima upesi. Masika uanike pande zote mbili kabla ya kuukunja, la sivyo utaota kuvu.

Makochi yananata kwa sababu jasho halina pa kwenda. Joto, unyevu na mafuta ya mwili ndivyo vinavyoila ile ngozi ya juu, na gundi hairudishi kitu. Mshonee kila mto kifuniko cha pamba nzito chenye zipu. Mto wa sentimita 60 kwa 60, unene 12, hula takriban mita 1 ya kitambaa chenye upana wa mita 1.4. Kiloweke usiku kucha na ukikaushe kabla ya kukikata, kwani pamba hurudi na kifuniko kitakataa kuingia. Ukienda Mtaa wa Biashara usivutwe na mahameli ya poliesta, hata iwe laini vipi: wakati wa kaskazi itakuchoma. Shika kitambaa kwa kiganja chenye unyevu kidogo. Kikinyonya, nunua.

SWALI: Ukuta wetu wa matumbawe una mikwaruzo. Tuupige saruji uwe laini?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Hapana. Saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na plasta ikavimba na kuanguka. Tumia chokaa sehemu 1 kwa mchanga wa mto 3, usiwe wa pwani. Lowesha ukuta kwanza. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na linyunyiziwe maji siku kadhaa lisikauke haraka likapasuka. La mwisho lisuguliwe kwa mwiko likiwa limeanza kushika. Juu yake paka chokaa, rangi ya mafuta hapana.